Mtafiti anajuaje kwamba msitu unaovunwa haupungui? Naomba ufafanuzi kuhusu ploti za kudumu

Mwanafunzi wa Misitu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Kwa muda wa mwezi mmoja na nusu nimekuwa katika mafunzo kwa vitendo chini ya mtafiti wa ikolojia ya misitu, ambaye kazi yake imejengwa juu ya ploti za kudumu, yaani vipande vya msitu vya hekta moja moja ambamo kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 10 umepewa namba, ukachorwa mstari wa rangi mahali unapopimwa, na hupimwa upya kila baada ya miaka mitano. Msitu wenyewe ni wa asili, huvunwa kwa kuchagua miti mikubwa ya spishi chache za mbao, na mzunguko wake wa uvunaji ni miaka 30.

Nilikwenda nikiamini kwamba suala la uendelevu ni jepesi: unapima ujazo wa mbao uliopo, unapima unaoongezeka kila mwaka, kisha unakata kisichozidi ongezeko hilo. Kumbe siku zetu nyingi zinaishia kwenye miti isiyo na soko, miti iliyokufa na miche isiyofika magotini, wakati ile mikubwa inayosubiri msumeno tunaipima kwa dakika chache na kuipita. Juzi tulikaa karibu saa nzima kwenye mti mmoja ambao daftari linaonyesha umepungua kipenyo kwa milimita 4 tangu kipimo kilichopita. Mimi ningeifuta namba hiyo kama kosa la wazi na kuendelea, lakini mwalimu wangu, yaani huyo mtafiti, alikataa katakata, akasema kwamba nikiifuta nitakuwa nimeudanganya msitu mzima. Hakufafanua, na mvua ilikuwa imeanza.

Ninachoomba kuelewa ni kwa nini mti mmoja uliopungua una uzito kiasi hicho, na ni kwa njia gani hasa vipimo hivi vya miti midogo na iliyokufa vinafika kwenye uamuzi wa kukata miti mingapi.

Mpimaji wa Zamani alijibu:

Ndugu Mwanafunzi, nianze na huo mti wako, kwa sababu nimeshika tepu kwa miaka mingi na kero hiyo ninaijua. Miti mingi katika msitu wa asili wa tropiki huongeza kipenyo kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo baada ya miaka mitano ya kusubiri unatafuta badiliko la sentimita moja au mbili, na mara nyingi chini ya hapo. Ukiishusha tepu kidogo chini ya mstari, ukaiacha ikae mshazari, au ukaipitisha juu ya mtambaazi uliokumbatia shina badala ya kuipenyeza chini yake, umekwisha kutengeneza kosa linaloweza kulingana na ukuaji wa mwaka mzima au miwili. Ndiyo sababu msumari wa kibati cha namba hupigwa mbali na mstari wa kipimo: shina huvimba pale lilipojeruhiwa, na asiyejua atapima uvimbe akidhani amepima ukuaji.

Sasa fikiria makosa hayo yanavyogawanyika. Yanakwenda pande zote mbili, mengine yakiuongezea mti milimita 4 na mengine yakiupunguzia milimita 4. Lililopunguza unaliona mara moja, kwa sababu mti haupaswi kupungua. Lililoongeza hulioni kabisa, kwa sababu linafanana na mti uliostawi vizuri. Ukifuta unaloliona na kuacha usiloliona, wastani wa ukuaji wa ploti nzima unapanda, na mpango wa uvunaji utakaotumia wastani huo utaruhusu miti zaidi ya inayostahili. Nadhani hicho ndicho mwalimu wako alichomaanisha aliposema utaudanganya msitu.

Isitoshe, huenda mti umepungua kwa kweli. Shina hubeba maji, na wakati wa kiangazi kikali hunywea kidogo kisha likajaa tena mvua zinaporudi, na ndiyo maana ploti hurudiwa katika msimu ule ule iliopimwa mara ya kwanza. Vilevile kuna spishi zinazobandua gome kwa mabamba, na bamba moja likidondoka huondoka na milimita zake. Angalia chini ya mti kabla hujaangalia daftari.

Kwa kuwa umegusa jambo hili, niongeze adha nyingine utakayokutana nayo. Kipimo cha kawaida huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini miti yenye mbawa kubwa chini ya shina, yaani kuta bapa za mizizi zinazoliegemeza, hupimwa juu ya mbawa hizo, angalau nusu mita kupita zinapoishia. Mbawa nazo hukua, na baada ya miaka 15 au 20 unakuta zimepanda na kuumeza mstari wako, kiasi kwamba ukipima palepale utapata mti uliokua kwa kasi ya ajabu. Dawa yake ni kupanda ngazi, kuchora mstari mpya juu zaidi, na kupima sehemu zote mbili siku hiyo hiyo ili kumbukumbu za zamani na mpya ziunganike. Nimeona ploti ambazo hatua hiyo ya mwisho ilirukwa, na miaka yote iliyotangulia kwa miti ile haikufaa tena kwa lolote.

Mtafiti wa Ikolojia alijibu:

Mpimaji ameeleza vizuri upande wa tepu, nami nitajikita kwenye swali la pili, kwa sababu wazo ulilokwenda nalo, la kukata kisichozidi ongezeko, ni la kale na bado lina heshima yake. Hans Carl von Carlowitz, aliyesimamia migodi katika Saxony huko Ujerumani, aliandika mwaka 1713 akidai kwamba kuni na mbao za migodi zichukuliwe kwa namna ambayo msitu utaendelea kuzitoa. Ugumu haupo kwenye wazo lenyewe. Upo kwenye kujua ni kitu gani hasa kinachoongezeka, kwa kuwa ongezeko la msitu mzima laweza kuwa kubwa huku spishi unayoikata ikiisha, nafasi yake ikichukuliwa na miti ambayo hakuna anayeihitaji.

Chukua hesabu ya mfano. Tuseme katika hekta 100 kuna miti 40 ya spishi fulani yenye kipenyo cha sentimita 60 na zaidi, ambacho ndicho kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kukatwa, na tuseme spishi hiyo hukua milimita 5 kwa mwaka. Katika miaka 30 mti utaongeza sentimita 15. Kwa hiyo mvuno wa pili hautatokana na miti yote midogo unayoiona ukipita msituni. Utatokana tu na ile ambayo leo ina kati ya sentimita 45 na 60. Tuseme ipo 20. Lakini miti hufa hata pasipo msumeno, na kwa msitu wa tropiki kiwango cha vifo cha asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka ni cha kawaida. Tukichukua asilimia 1.5, katika kila miti 100 itabaki kama 64 baada ya miaka 30. Miti yako 20 imekuwa 13. Na kama wakati wa mvuno wa kwanza mitatu kati ya hiyo 20 iliangukiwa na magogo au ikachunwa gome na trekta, utabaki na 11. Ulikata 40, utarudi kukuta 11, ingawa sheria ya kipenyo cha chini haikuvunjwa hata mara moja.

Utaona basi kwamba miti 40 mikubwa, ambayo ndiyo inayohesabiwa kwa makini zaidi na kila mtu, haikuwa na neno lolote la kutuambia kuhusu mvuno wa pili. Habari zote zilikuwa kwa ile 20 iliyo daraja moja la unene chini, kwa kasi yake ya kukua, na kwa kiwango chake cha vifo. Kasi na vifo havipatikani kwa kupima mara moja, hata ukipima kwa ustadi gani. Mti mfu ulioandikwa kwenye daftari lako, ukiwa na mwaka ulipoonekana hai kwa mara ya mwisho na namna ulivyokufa, kama uling'oka, ulivunjika au ulikauka ukiwa umesimama, ndio unaoijaza nafasi ya ile asilimia 1.5 katika hesabu yangu. Ukiweka 1 badala yake, miti 20 inakuwa karibu 15. Ukiweka 2, inakuwa 11 hata kabla ya kuhesabu waliojeruhiwa.

Kuhusu miche, jibu lake liko kwenye mwanga. Wengi hujifunza umbo la msitu wenye afya kama mteremko: miti midogo mingi sana, ya wastani michache, mikubwa michache zaidi. Mfaransa François de Liocourt aliuonyesha mteremko huo mwaka 1898, na ni chombo kizuri kwa msitu kwa ujumla wake. Hata hivyo spishi nyingi za mbao ghali hupenda mwanga. Mbegu zake huota kivulini, miche hukaa miaka michache, kisha hufa kama hakuna mwanya uliofunguka juu. Spishi ya namna hiyo hukosa kabisa daraja la kati hata pale ambapo hakuna aliyewahi kukata, na mteremko wa msitu mzima hukuficha jambo hilo. Lazima uchore mchoro wa kila spishi peke yake.

Umbali nao una maana yake. Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hoja kwamba mbegu na miche iliyo karibu na mti mama hushambuliwa zaidi na wadudu na maradhi yaliyozoea spishi hiyo, hivyo walio na nafasi nzuri zaidi ni waliobebwa mbali. Ploti ya hekta 50 katika kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambamo kila shina la kuanzia sentimita 1 hupimwa, imekuwa mahali pa kuupima ukweli wa hoja za namna hiyo. Kwa mvunaji maana yake ni kwamba kuacha miti mama mitano yote kwenye kona moja ya kitalu cha uvunaji si sawa na kuacha mitano iliyotawanyika, na kwamba wanyama wanaobeba mbegu ni sehemu ya hesabu ya mbao hata kama hawaandikwi kwenye mpango.

Msimamizi wa Uvunaji alijibu:

Nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na hesabu ya Mtafiti, ila naomba upande wa wanaolazimika kuutekeleza mpango nao usikike. Kwanza, miti mikubwa iliyozeeka imekwisha kukua, mingi ina mashimo ndani, na kuiacha isimame hadi iangukie mingine ni kupoteza mbao na kuua miti michanga kwa pamoja. Pili, kila mara watafiti wanapoonyesha hesabu ya namna hii, pendekezo linalofuata ni kurefusha mzunguko hadi miaka 60, na hakuna mwenye kuwekeza anayeweza kusubiri miaka hiyo huku akilinda msitu usiomwingizia chochote. Msitu usio na kipato huvamiwa na kugeuzwa shamba. Ningependa kusikia mnachopendekeza tukifanye mwaka huu, kwenye kitalu kilicho mbele yetu.

Mtafiti wa Ikolojia alijibu:

Mheshimiwa Msimamizi, kwa hoja ya pili ninakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Turudi kwenye mfano wangu na tuseme kuna miti 35 yenye sentimita 30 hadi 45. Ukisubiri miaka 60, madaraja yote mawili yatakuwa yamefika, jumla miti 55, lakini kwa vifo vya asilimia 1.5 watabaki karibu 22. Ukivuna kila baada ya miaka 30, utapata 13 na kisha kama 14, jumla 27. Kwa idadi ya miti, kurefusha mzunguko peke yake hakukuongezea kitu, na kwa vyovyote vile ile 40 ya mwanzo hairudi. Miti 40 ile ilikuwa limbikizo la muda mrefu sana ambalo mvuno wa kwanza ulilikuta tu pale. Mwaka 2012 Francis Putz na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya machapisho zaidi ya 100 kuhusu misitu ya tropiki iliyovunwa kwa kuchagua, wakakuta kwamba mavuno ya mbao hushuka kwa takriban asilimia 46 baada ya mvuno wa kwanza, ilhali msitu uliovunwa mara moja hubaki na takriban asilimia 76 ya kaboni yake na asilimia 85 hadi 100 ya spishi za mimea na wanyama zilizochunguzwa. Kwa hiyo msitu uleule unafaulu mtihani wa uhai anuwai na kufeli mtihani wa mbao, na anayesema tu kwamba "msitu huu ni endelevu" bila kutaja kipi kinaendelea hajasema kitu.

Hoja ya kwanza siwezi kuikubali jinsi ilivyo. Nathan Stephenson na wenzake mwaka 2014 walichambua spishi 403 za maeneo ya joto na ya baridi, na kwa nyingi mno kati yake mti mmoja mmoja uliendelea kuongeza uzito kwa kasi kubwa zaidi kadiri ulivyokuwa mkubwa. Milimita 3 kwenye shina la sentimita 120 ni mbao nyingi kuliko milimita 3 kwenye shina la sentimita 30. Kinachopungua uzeeni ni uzalishaji wa eneo zima, kwa kuwa miti mikubwa hufa na kuacha nafasi, na hapo ndipo dhana ya mti mzee usiokua ilipopatia nguvu. Kuhusu mashimo uko sahihi, lakini mti wenye shimo hauna mbao nzuri ya kukupa. Ungali unatoa mbegu na kuwahifadhi ndege na popo, basi ni mteule mzuri wa kuachwa kama mti mama, ilimradi mbegu zisitoke kwa vilema peke yao.

Ya kufanya mwaka huu yapo, na hayahitaji kusubiri miaka 60. Ramani ya miti ichorwe kabla ya mvuno, ikionyesha miti ya kukatwa na pia ile ya daraja la sentimita 45 hadi 60, ambayo iwekewe alama ya rangi inayoonekana kutoka kwenye kiti cha trekta. Mitambaazi inayofunga mti mmoja na mwingine ikatwe miezi kadhaa kabla, ili mti unapoanguka usiwavute majirani zake. Njia za kukokotea magogo zipangwe kwa kufuata ramani badala ya dereva kuzitafuta gogo kwa gogo, na mkataji afundishwe kuuelekeza mti unapoanguka. Hatua hizi zikifanywa kwa pamoja huweza kupunguza uharibifu wa miti inayobaki kwa nusu hivi, na katika mfano wetu maana yake ni kuokoa mmoja au wawili kati ya wale watatu. Baada ya mvuno, kuikata mitambaazi na kuondoa miti isiyofaa inayoitia kivuli ile miti ya sentimita 45 hadi 60 huongeza kasi yake ya kukua, na kila milimita moja unayoiongeza kwa mwaka inafungua sentimita 3 za daraja la chini kuingia kwenye mvuno ujao. Brazili, kwa mfano, pamoja na kuweka kipenyo cha chini, huwataka wavunaji wa Amazonia waache angalau asilimia 10 ya miti ya kila spishi iliyofikia kipenyo hicho. Ni kanuni rahisi kukagua, na hilo ni jambo kubwa.

Mwanafunzi wa Misitu alijibu:

Nawashukuru sana, hasa kwa ule mfano wa miti 20. Jana jioni nilikaa na daftari na kuhesabu spishi yetu kuu ya mbao katika ploti zote sita. Nimepata mti mmoja tu wa kati ya sentimita 45 na 60, nikaingiwa na hofu. Je, hiyo inatosha kumwambia meneja kwamba uvunaji wa spishi hii usimame?

Mtafiti wa Ikolojia alijibu:

Haitoshi, na ni vizuri umeuliza kabla ya kumwendea meneja. Hekta sita ni ndogo mno kwa spishi ambayo huenda kwa kawaida ina mti mmoja mkubwa kwa hekta mbili au tatu. Ukipata mmoja, ungeweza vilevile kupata sifuri au minne kwa bahati tu ya mahali ploti zilipoangukia. Ploti za kudumu hukupa kasi, yaani ukuaji na vifo, na hata kwa hizo mara nyingi utalazimika kuunganisha spishi zenye tabia zinazofanana ili upate miti ya kutosha. Idadi itafute kwenye upimaji mpana wa kabla ya mvuno, unaopita kitalu chote kwa mistari, na hakikisha unarekodi kuanzia sentimita 30, kwa sababu wapimaji wengi huagizwa kuandika tu miti iliyokwisha kufikia kipenyo cha kukatwa. Kama data hizo za daraja la chini hazipo, hilo ndilo la kumwambia meneja.

Mwanafunzi wa Misitu alijibu:

Nimeangalia. Upimaji mpana wa kitalu hiki ulianzia sentimita 55. Mwalimu amekubali tuombe wiki mbili za kupitia mistari upya kabla ya wakataji kuingia. Na kwa Mpimaji: tulirudi kwenye ule mti leo asubuhi. Chini yake, upande wa mteremko, kulikuwa na mabamba matatu ya gome, moja likiwa bado na rangi ya mstari wetu.